MGANGA HAJIGANGI: MAISHA YA F. SCOTT FITZGERALD

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Mwaka huu nimeshika kalamu ili nikusimulie maisha ya mwandishi mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1940. Najua utauliza, ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi? Subiri kidogo. Mwandishi huyu, F. Scott Fitzgerald, ndiye aliyemuumba Jay Gatsby, mhusika mkuu wa riwaya ya The Great Gatsby, na Gatsby ndiye aliyetugawa makundi mawili hapa chamani. Wako wanaomsifu kuwa bingwa wa mapenzi, mtu aliyependa mara moja tu na asibadilike tena. Wako pia tunaosema kwamba jamaa huyu alikuwa mtu mzima mwenye moyo wa mtoto, na kwamba hicho alichokiita mapenzi kilikuwa kitu kingine. Mimi ni wa kundi hili la pili. Lakini huwezi kumjua mwana bila kumjua mzazi, kwa hivyo nitaanza na mzazi.

Fitzgerald alizaliwa tarehe 24 Septemba 1896 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Jina lake kamili, Francis Scott Key Fitzgerald, alipewa kwa heshima ya jamaa wa mbali wa ukoo wao, yule aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani. Babake, Edward, alikuwa mtu wa adabu nzuri na mavazi nadhifu, lakini biashara haikumkubali. Kazi yake ya kutengeneza viti vya kusukwa ilianguka, akalazimika kuhamia Buffalo kuwauzia watu bidhaa za kampuni moja ya sabuni. Mwaka wa 1908 akafutwa kazi. Scott alikuwa na miaka 11. Alivyokuja kusimulia baadaye, siku hiyo mamake alikuwa amempa senti za kwenda kuogelea. Habari zilipofika, mtoto akamrudishia mamake zile senti, kisha akaomba Mungu wasije wakapelekwa kwenye makao ya maskini.

Hawakupelekwa. Walirudi St. Paul wakaishi kwa urithi wa upande wa mama, kwani babu mzaa mama alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyetajirika kwa biashara ya vyakula. Basi kijana wetu akalelewa kando ya mtaa wa matajiri, katika nyumba za kupanga. Alicheza na watoto wa wakwasi, akaalikwa katika karamu zao, kisha usiku akarudi kwao akijua kwamba yeye si mmoja wao. Waama, ukitaka kumtia mtoto kiu, mweke karibu na mtungi usio wake.

Jambo moja litawafurahisha wanachama wenzangu. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitokea mwaka wa 1909 katika gazeti la shule yake, naye alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 13. Kwa hivyo wewe unayeogopa kumpelekea mhariri wetu insha yako, chukua moyo! Mwaka wa 1913 alijiunga na Chuo Kikuu cha Princeton. Huko alitunga nyimbo za michezo ya kuigiza na kuandika hadithi, masomo akayaweka kando. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Alitoka chuoni bila shahada.

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Tarehe 4 Januari 1915, akiwa nyumbani likizoni, Scott alikutana na msichana aitwaye Ginevra King. Scott alikuwa na miaka 18, binti naye 16. Babake Ginevra alikuwa dalali tajiri wa hisa mjini Chicago, na jumba lao lilikuwa Lake Forest, kando ya ziwa, mahali pa mabwanyenye watupu. Barua zikaanza kwenda na kurudi. Wewe uliyewahi kungoja barua ukajua saa ya posta kuliko saa ya chakula, unaelewa ninachosema. Mwezi wa Agosti 1916 Scott alikwenda kumtembelea kwao. Katika daftari lake la kumbukumbu akaandika jambo alilosikia likisemwa wakati ule, kwamba vijana maskini wasiwaze kuwaoa mabinti wa matajiri. Ilipofika Januari 1917, uhusiano ule ukavunjika. Kijana wa watu akaachwa kwenye mataa.

Mtu mwingine angelia wiki mbili, akanawa uso, akaendelea na safari. Scott hakufanya hivyo. Alizichukua barua zote za Ginevra akazipigisha chapa na kuzijalidi kama kitabu, kurasa 227, akakitunza kitabu hicho maisha yake yote. Ginevra alipoolewa Septemba 1918 na kijana wa familia tajiri ya Chicago, Scott alizihifadhi habari za arusi ile katika kumbukumbu zake. Hebu fikiri! Kuna anayehifadhi picha ya mpenzi, lakini huyu alihifadhi hata ushahidi wa kukataliwa kwake.

Wakati huo alikuwa amejiunga na jeshi, kwani Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vilimalizika kabla hajavuka bahari. Lakini akiwa katika kambi karibu na mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, alikutana na Zelda Sayre katika dansi mnamo Julai 1918. Zelda alikuwa binti wa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo hilo, mchangamfu, mjasiri, na vijana walikuwa wakimzonga kama nyuki kwenye ua. Daftari la Scott linaonyesha kwamba alimpenda Zelda mwezi wa Septemba, mwezi ule ule alioolewa Ginevra. Sisemi kwamba hakumpenda kwa dhati. Nasema tu kwamba moyo uliojeruhiwa haukupewa hata siku ya kupona.

Wakachumbiana. Mwaka wa 1919 Scott alikwenda New York kufanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara kwa mshahara wa dola 90 kwa mwezi. Zelda aliona hali yenyewe haieleweki, na mwezi wa Juni akauvunja uchumba. Ni mara ya pili sasa! Safari hii Scott, baada ya kuzizamisha huzuni zake katika chupa, aliacha kazi, akarudi kwa wazazi wake St. Paul, akajifungia ndani na kuandika upya riwaya aliyoianzia jeshini. Mwezi wa Septemba wachapishaji Scribner's walimkubalia. Kitabu hicho, This Side of Paradise, kilitoka tarehe 26 Machi 1920, na nakala 3,000 za kwanza zikauzwa kwa siku tatu tu. Tarehe 3 Aprili, hata siku kumi hazijatimia, Scott na Zelda wakafunga ndoa mjini New York.

Utasema, si hilo ndilo jambo zuri? Mvumilivu hula mbivu! Ndiyo, lakini tazama vizuri somo alilojifunza. Maisha yalimfundisha kwamba aliyekukataa jana atakukubali leo ukirudi na pesa na jina. Lilikuwa somo la hatari, kwani mtu akishalifaulu mara moja hudhani ni kanuni. Hata hivyo, yeye mwenyewe alikuja kukiri katika makala zake za mwaka wa 1936 kwamba tangu wakati huo hakuweza tena kuwaamini matajiri, wala kuacha kujiuliza pesa za marafiki zake zinatoka wapi.

Maharusi hao wakawa gumzo la mji. Karamu, vileo, magari, hoteli. Binti yao wa pekee, Scottie, alizaliwa Oktoba 1921. Mwaka uliofuata wakahamia Great Neck, karibu na New York, walikokuwa wakiishi watu waliotajirika juzi, na ng'ambo ya ghuba kulikuwa na majumba ya matajiri wa tangu jadi. Mwaka wa 1924 wakaenda Ufaransa, na huko ndiko Scott alikoimaliza The Great Gatsby, iliyotoka tarehe 10 Aprili 1925.

Kwa wale ambao hawajaisoma, nitaeleza kwa ufupi. James Gatz ni mtoto wa wakulima fukara wa North Dakota. Akiwa na miaka 17 anajibadilisha jina na kuwa Jay Gatsby. Mwaka wa 1917, akiwa afisa kijana wa jeshi, anampenda Daisy, binti wa tajiri wa mji wa Louisville. Anapelekwa vitani, na mwaka wa 1919 Daisy anaolewa na Tom Buchanan, mkwasi wa Chicago. Gatsby anarudi, anatajirika kwa njia za magendo, kisha ananunua jumba kubwa mkabala na kwao Daisy, ghuba ikiwa katikati. Kila usiku anaweza kuitazama taa ya kijani iliyo mwisho wa gati la nyumba yao. Anafanya karamu kubwa kubwa, watu asiowajua wanakula na kunywa, naye hana haja nao. Anangoja tu mmoja. Hatimaye anakutana naye. Daisy anavutwa kwa muda, kisha anarudi kwa mumewe. Gari la Gatsby, likiendeshwa na Daisy, linamgonga na kumuua mwanamke mmoja. Gatsby yuko tayari kubeba lawama, naye mume wa marehemu anamjia na kumpiga risasi akiwa katika kidimbwi cha kuogelea.

Wenzangu wa kundi la kwanza husema, tazama uaminifu huo! Miaka mitano! Nami nawajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, Gatsby hakutosheka Daisy ampende sasa. Alimtaka atamke mbele ya mumewe kwamba hakuwahi kumpenda mume huyo hata siku moja. Yaani alitaka miaka mitano ya maisha ya mwanamke ifutwe kama ubao. Daisy alipojaribu akashindwa, kwa sababu haikuwa kweli. Mtu mzima hujua kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto hulia mpaka uyazoe.

Pili, hakumwona Daisy mwenyewe. Daisy ana mtoto wa kike. Siku Gatsby anapomwona mtoto huyo anamtazama kwa mshangao, kana kwamba siku zote hakuamini yupo. Bila shaka! Mtoto yule alikuwa kitu hai kilichoonyesha kwamba wakati umepita. Gatsby alikuwa anapenda picha aliyoichora akiwa kijana wa kijeshi, na picha haizai wala haizeeki. Hata siku wanapokutana tena, Gatsby anaegemea saa iliyo kwenye rafu ya juu ya meko na nusura aiangushe. Sidhani mwandishi aliiweka saa pale bure.

Tatu, alidhani moyo hununuliwa kwa maonyesho. Akamtembeza Daisy chumba kwa chumba, akamrushia mashati ya hariri ya kila rangi. Ni kama mtoto wa shule ya msingi anayempelekea msichana kalamu zote za babake ili apendwe. Alimpa vyote isipokuwa kimoja, nacho ni nafasi ya kuwa mtu mwenye hiari yake.

Sikatai, alikuwa na ujasiri. Usiku ule baada ya ajali alisimama nje gizani kumlinda Daisy, ilhali ndani Daisy ameketi na mumewe wanapatana. Inahuzunisha. Lakini kuhuzunika naye si lazima tumwige.

Sasa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nichague kuandika maisha ya Fitzgerald, si uchambuzi wa riwaya peke yake. Mtu aliyeweza kuuchora utoto wa moyo namna hii, je, hakuuona wake mwenyewe? Naamini aliuona. Lakini kuona ugonjwa ni jambo moja, kupona ni jambo jingine. Mganga hajigangi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya masika na kiangazi. Kufikia mwaka wa 1929 jarida moja lilimlipa dola 4,000 kwa hadithi fupi moja, lakini pesa zilipita mkononi kama maji kwenye tenga. Ulevi ukazidi. Mwezi wa Aprili 1930 Zelda akashikwa na maradhi ya akili, na tangu hapo akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini. Mwaka wa 1932, akiwa hospitalini, Zelda aliandika riwaya yake mwenyewe kuhusu maisha yao. Badala ya kufurahi, Scott aliwaka. Alidai kwamba yaliyowapata ni mali ya kalamu yake, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amechota katika barua na shajara za mkewe tangu zamani. Akashikilia kwamba baadhi ya sehemu zibadilishwe kabla haijachapishwa. Huu nao ni utoto, msomaji. Ni mtoto anayeshika mpira na kusema, tusicheze.

Na Ginevra je? Mwaka wa 1938 Scott alikuwa Hollywood akiandika filamu. Alikuwa na miaka 42. Ginevra akafika California na akataka waonane. Scott alimwandikia bintiye akimweleza kwamba huyu ndiye msichana wa kwanza aliyempenda, na kwamba siku zote alikuwa amejitenga naye ili ile picha ya zamani isiharibike. Soma tena sentensi hiyo. Gatsby mwenyewe asingeeleza vizuri zaidi. Wakaonana. Scott alikuwa amejizuia kunywa siku zile, lakini siku hiyo akaanza tena kupiga maji, na mkutano ukaharibika. Taa ya kijani ikawa taa tu.

Kama ningeishia hapa, ungesema Fitzgerald hakukua kamwe. Lakini ukweli hauko hivyo, na hapa ndipo ninapomheshimu. Wakati ule ule aliokuwa Hollywood, akilipwa na studio dola 1,000 kwa wiki, fedha nyingi zilikwenda kulipa madeni, hospitali ya Zelda huko North Carolina, na karo ya Scottie chuoni. Uhusiano wake na Zelda kama mume na mke ulikuwa umevunjika, na alikuwa akiishi maisha mengine na mwanamke mwingine. Hata hivyo hakumtupa mkewe. Alimwandikia barua, na bili zikaendelea kulipwa hata kwa kukopa. Bintiye naye alimwandikia barua baada ya barua, juu ya masomo, vitabu, pesa na tabia. Wakati mwingine alikuwa mkali kupita kiasi, lakini alikuwepo.

Hakuna mashati ya hariri humo. Bili ya hospitali hupeperushi mbele ya mtu ukitaka akupende, na karo haina mwangaza wa kijani. Lakini nikiulizwa mapenzi ya Fitzgerald yalikuwa wapi, sitaonyesha kile kitabu cha kurasa 227. Nitaonyesha risiti. Ginevra alikuwa picha. Zelda mgonjwa na Scottie mwenye kuhitaji viatu na ada walikuwa watu.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 21 Desemba 1940 huko Hollywood, akiwa na miaka 44, riwaya yake ya mwisho ikiwa haijamalizika. Alizikwa Rockville, jimbo la Maryland, mbele ya watu wachache, karibu kama Gatsby wake. Zelda alifariki tarehe 10 Machi 1948, moto ulipoiteketeza hospitali alimokuwa. Mwaka wa 1975 miili yao ilihamishiwa katika makaburi ya ukoo wa Fitzgerald, katika kanisa la Kikatoliki la mji huo huo. The Great Gatsby, ambayo alipofariki karibu ilikuwa imesahaulika, ilifufuka wakati wa Vita Vikuu vya Pili, takriban nakala 155,000 zilipogawiwa wanajeshi wa Marekani. Leo husomwa shuleni na vyuoni ulimwenguni kote. Zile barua za Ginevra nazo zilirudishwa kwake na Scottie baada ya kifo cha Scott, na sasa zimehifadhiwa Princeton, chuo kile kile alichotoka mwenye kuzitunza bila shahada.

Wanafunzi wenzangu, humu mabwenini tunawajua akina Gatsby. Yuko kijana aliyeachwa Kidato cha Pili, na mpaka leo kila anachofanya, akifunga bao, akipata alama ya A, akivaa shati jipya, anamfanyia yule aliyemwacha. Yuko msichana anayeisoma barua ya zamani kila usiku ilhali mtihani wa kitaifa unabisha hodi. Simcheki yeyote, kwani kukataliwa kunauma kwelikweli. Lakini nauliza, unampenda mtu, au unampenda yule wewe uliyekuwa siku alipokukubali? Na kama kesho angekuja na maisha yake yote, ugonjwa wake, mtoto wake, makosa yake, ungemtambua?

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Fitzgerald aliijua dawa hiyo, akatuandikia vizuri kuliko wengi, naye akaimeza kwa kuchelewa, tena nusu kipimo. Sisi tuliopewa dawa mapema tuna udhuru gani? Kundi la kwanza, uwanja ni wenu. Nangoja majibu yenu katika mkutano ujao wa chama.